Kanga ya Kampeni

Mheshimiwa, kanga uliyotugawia Buguruni
nimeifua mara moja tu, imechuja.
Uso wako umebaki kivuli,
ila lile neno MAADILI limegoma kutoka.

Ulipanda jukwaani ukasema
nchi wameiharibu wanawake wa siku hizi, wenye midomo.
Ukasema turudi tulikotoka.
Tulikotoka wapi?
Mimi nimetoka Vingunguti bondeni,
choo kimoja kaya saba,
na Msimbazi ukifura tunalala juu ya meza.

Chausiku wa dada yangu
alifukuzwa shule na tumbo la miezi minne.
Mwalimu aliyempa lile tumbo
bado anashika chaki.
Siku ile maadili yako yalikwenda wapi,
kunywa chai?

Tukidai, mnasema subirini,
subira yavuta heri.
Heri gani hii, yenye kamba ndefu hivi?
Mama aliivuta, mimi naivuta,
viganja vimechubuka,
kumbe upande wa pili mmeikalia.

Jana usiku nimeikata kanga yako vipande viwili.
Kimoja nimemfunika mtoto wa Chausiku,
amelala, hana habari na jina lako.
Kingine cha deki.

Siku ya kura tutawahi foleni,
shule ileile, geti lilelile.
Chausiku ametimiza kumi na nane.
Kadi yake ameichomeka ndani ya daftari la hesabu,
kwenye ukurasa ule
alipoishia.