Stakabadhi

Mama bado anawaambia majirani wa Mtoni
kwamba nafanya kazi ya makontena, kama marehemu baba.
Nimeacha kumsahihisha.
Baba alishika kalamu na ubao wa karatasi, Kurasini,
akisoma lakiri, namba kwa namba,
kisha akairudia kwa sauti, hata akiwa peke yake.
Ndani mna nini hakuuliza: vitenge, betri, viatu vya mtumba.
Kwake sanduku lilikuwa jina lake, basi.

Makontena yangu hayana bati wala kutu.
Yamo ndani ya seva nisiyojua iliko,
nami niko ghorofa ya tatu, Kijitonyama,
Jumamosi, saa saba usiku,
jenereta la jirani linakoroma,
chipsi zimepoa katika mfuko wa karatasi,
na Lwitiko amevua viatu.

Mfumo wa zamani ulikuwa nyumba moja ya kupanga:
mmoja akikohoa chumbani, ukumbi mzima unaamka.
Ukigusa hesabu za maji, ujumbe wa simu unakatika.
Tumeubomoa kwa miezi saba.
Sasa kila kazi ina chumba chake:
Mita, anayehesabu uniti.
Malipo, anayepokea.
Stakabadhi, anayethibitisha kwamba ulichotoa kimefika.
Wanaitana kwa majina, sura hawajuani,
maana anwani zao hubadilika kila wanapozaliwa upya,
na juu yao yupo mnyapara asiyelala,
kazi yake kuhesabu:
nimeagizwa watatu, nawaona watatu.

Usiku huu hesabu haitimii.

Malipo anainuka, anamwita mwenzake, haitikiwi, anakufa.
Mnyapara anangoja sekunde kumi, anamwinua.
Anaita. Anakufa.
Ishirini. Arobaini.
Hakuna tanga, hakuna ubani,
anayekuja anavaa kandambili za aliyekwenda
zikiwa bado na joto.

Tulipekua mlango: elfu nane na themanini, u wazi.
Tukapekua funguo, ruhusa, kuta.
Stakabadhi mwenyewe mzima wa afya, ameketi,
hajabishiwa hodi tangu saa tatu,
kila akiulizwa anasema yuko tayari,
yuko tayari, yuko tayari.

Saa tisa Lwitiko akasema, polepole,
"Dada Mwanakheri, hebu soma hili jina."
Nikasoma: Stakabadhi.
"Usilisome unavyolijua. Lisome lilivyoandikwa."

Stakabathi.

Malipo alikuwa akimwita mtu asiyezaliwa.

Nilicheka, nikamtazama yeye, mtu wa Tukuyu,
ambaye mchana uleule nilimkosoa mbele ya watu
kwa kuandika "thamana" akikusudia dhamana.
Sisi wa pwani, nilisema, tumeinyonya titini.
Lakini historia ya faili haina pwani wala bara:
mstari wa kumi na tisa,
saa tatu na dakika nane usiku,
jina langu.

Hakusema kitu. Alinisogezea chipsi.

Nikafuta te, nikaweka de.
Kisha nikalisoma jina lote, herufi kwa herufi,
kwa sauti, halafu tena,
kama mtu aliyesimama peke yake mbele ya ukuta wa bati
na kalamu sikioni.

Mnyapara akahesabu. Mmoja. Akanyamaza kidogo.
Watatu.

Saa kumi na moja kasoro,
muadhini hajakigusa bado kipaza sauti,
mtu wa Mbagala Kizuiani alinunua maji ya elfu mbili.
Simjui. Sijui ndoo zake ni ngapi,
wala nani atakuwa wa kwanza kuoga.
Malipo akaita.
Akaitikiwa.
Lwitiko alikuwa ameshalala, kichwa juu ya mkono,
na sikumwamsha kumwambia.