Ulimi wa Kununua

Tangu ile homa ya Juni ulimi wangu umelala.
Nauwekea chumvi, haushtuki. Nauwekea ndimu:
ni kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.
Na huku jikoni, Umoja, ghorofa ya tatu,
mtungi wa lita ishirini unapumua.
Zambarau za Kilifi, nilizozinunua Marikiti kabla ya alfajiri,
zinachacha kwa kelele ndogo ndogo
kama watu wanaosengenya chumba cha pili.

Zamani ningeonja. Tone moja, nifumbe macho,
niseme: bado, ongeza ndimu. Au: basi, yatosha.
Khasandi wa mlango wa pili aliniita Mizani.
Sasa mizani imeota kutu.

Nilijaribu karatasi kwanza, zile za shuleni,
za kugeuka rangi. Nikachovya moja, ikatoka zambarau.
Nikachovya nyingine. Zambarau.
Divai hii hupaka kila kitu rangi yake:
vidole, mwiko, shahidi.

Basi nikaenda Luthuli kutafuta kipima-asidi.
Kwenye kabati la kioo, chini ya taa yake peke yake,
kilikuwapo cha maabara: elfu kumi na nane na mia tano,
kina mkono wa chuma na kitabu cha lugha tatu.
Nilikitazama kama mtu anavyotazama nyumba za Lavington,
kwa adabu, bila kusimama.
Hiyo ni kodi yangu ya mwezi, na unga juu yake.

Kwenye kaunta, ndani ya boksi la kadibodi,
vya manjano, vidogo, vimelaliana kama kalamu.
"Vyote ni kitu kimoja, mama," akasema Muturi.
Nami nimefua nguo za bei rahisi. Najua
kitu kimoja huchuja siku ya kwanza.
Nikatoa mkobani gilasi ya chai,
chupa ya maji ya betri,
na pakiti ya unga wa kusawazishia, ule wa nne.
Muturi akanitazama kana kwamba nimekuja kupika dukani kwake.

Cha kwanza kikaruka hadi nne nukta nne, kikashuka, kikapanda,
kama shahidi aliyepewa chai.
Cha pili hakikuwaka.
Cha tatu kilinyamaza. Muturi akauza chaja mbili,
akajibu simu, akarudi. Ndipo kikasema:
nne nukta sufuri moja.
Nikakiosha, nikarudia. Kikachelewa tena,
kikasema lile lile.
"Hicho ni kizito," akasema. "Chukua hiki kinachokimbia."
Nikalipia kizito. Elfu mbili, baada ya kuvutana,
na betri za akiba.

Nyumbani nimejifunza masharti yake:
ile shanga ya kioo haipanguswi, huguswa tu kwa tishu;
isikauke; usiku ilale kwenye maji yake ya chumvi
kama meno ya bandia ya marehemu baba.

Zambarau: tatu nukta tisa.
Juu mno. Hapo vijidudu huingia bila hodi.
Nikakamua ndimu, kijiko kwa kijiko,
nikakoroga, nikangoja kile kizito kiamue.
Tatu nukta saba.
Tatu nukta sita.
Tatu nukta tano.
Khasandi akaonja, akanyamaza, akasukuma kikombe mbele
kuomba tena.

Usiku ule sikukirudisha kwenye boksi.
Nikapima chai. Nikapima mtindi, na uji uliolala.
Nikaandika kwenye daftari la madeni ya maziwa
namba ya kila kitu nilichokuwa nakijua kwa ladha.
Mwisho nikaloweka ukwaju, bonge dogo la Mwingi,
nikachovya. Nikangoja.

Mbili nukta sita.

Nikaisoma ile namba kwa sauti,
na taya zangu, zenyewe, bila kuulizwa,
zikakaza. Mate yakajaa.