Bendera Gizani

Jumapili ile, Bomambuzi, banda la video lilijaa
mpaka watoto wakakaa juu ya kreti za soda.
Mimi nilikuwa mlangoni nakata tiketi,
mia tano mkubwa, mia mbili mtoto,
anayebishana arudi kwao akatazame ukuta.

Filamu ilikuwa ya vita. Ile ile.
Wiki ya tatu na bado watu wanaitaka,
wanaijua kama njia ya sokoni:
hapa anakufa mwenye barua, hapa daraja linalipuka,
hapa komandoo anarudi peke yake kumbeba mwenzake
na Pasua nzima inasikia tunavyopiga mabati.

Nchi ya nani? Hakuna aliyeuliza.
Majina yao yanang'ata ulimi,
Kishoka, mtafsiri wetu, akayatupa, akawabatiza upya:
huyu Lyimo, huyu Massawe,
yule mnene mwoga ni mtu wa Machame.
Watu wa Machame wakazomea, wakacheka, wakabaki.
Adui hakupewa jina.
Adui alikuwa "wale".

Ulipopigwa wimbo wa taifa lao
Ndelilio wa gereji alisimama, mkono kifuani,
grisi ikapiga muhuri kwenye shati la kanisani.
Safu nzima ikasimama. Na mimi nikasimama,
kitabu cha tiketi kwapani,
koo limenikaba kwa ajili ya nchi
ambayo isingenipa viza hata ya kupita.

Mzee Senzia hakusimama.
Huyu huja kila Jumapili, hukaa benchi la mwisho,
kofia ya sufu hata kwenye joto la Februari.
Watu wanalia, yeye anauliza kwa sauti:
"Sasa hawa wanakula saa ngapi?"
Shii! Mzee, tulia.
"Siku tatu wako shimoni, hakuna anayeharisha?"
Kicheko. Mtu akamrushia ganda la karanga.
Mwaka sabini na tisa alivuka Kagera
na gunia la maharage mgongoni, basi,
hicho tu ndicho alichowahi kunisimulia:
maharage, na mvua,
na jinsi yalivyoota humo humo guniani, anatembea nayo.

Komandoo ameshika mlingoti. Kilima chote kinafuka.
Anakunjua kitambaa,
umeme ukakatika.

Kipaza sauti kimekufa, jenereta halina mafuta.
Nikashika mfuko wa hela, nikijua watazidai.
Lakini Kishoka, kwa koo tupu, akaendelea:
"Anaipandisha! Anaipandisha, wazee!
Naiona kijani! Naiona nyeusi na michirizi yake ya manjano!
Buluu hiyo, buluu!"
Na banda likalipuka.
Miguu, mabati, mbinja, vigelegele,
mbele yetu hakuna kitu ila shuka jeupe lisiloonekana,
na sijawahi kuipenda bendera yangu
kama nilivyoipenda siku ile nisipoiona.

Sioni aibu kusema hivyo.
Au naona, kidogo.

Nikawasha tochi ya simu nitafute mshumaa
nikamkuta mzee sakafuni,
kifudifudi, chini ya benchi, mikono juu ya kisogo,
shavu limelala kwenye maganda.
Kelele zikafa polepole, kuanzia nyuma kwenda mbele.
Akainua uso kwenye mwanga wangu.
"Nimeangusha mia mbili," akasema.

Tiketi yake niliikata kwa mkono wangu huu.
Alitoa sarafu moja, mia tano,
akaigeuza mifuko yote miwili nje
tucheke pamoja kwamba ameishiwa.

Ndelilio akapiga magoti na shati lake.
Watoto wakashuka kwenye kreti.
Simu tano, simu kumi, mwanga unatambaa chini ya mabenchi,
na banda zima, kimya, tukaitafuta ile mia mbili
mpaka umeme uliporudi,
na hata uliporudi
hakuna aliyegeuka kutazama mlingoti.