Viua

Baba alipozikwa tuligawana konde la Mtambwe
kwa mstari wa mibono.
Faki mafungu mawili, mie fungu moja;
ndivyo sheria ilivyopima, sikununa.
Udongo ulikuwa mmoja, kinongo chekundu
kinachokaa kuchani wiki nzima
hata ukisugua kwa ndimu.

Faki akauza mbuzi, akanunua mifuko.
Yurea, nyeupe kama sukari ya harusi.
Mie sikuwa na mbuzi.
Msinisifu: nilizoa kilichonifikia,
samadi ya ng'ombe wa Bi Kaije, majivu,
maganda ya muhogo,
makonyo ya karafuu yaliyorowa yakakataliwa,
nikayarundika nyuma ya banda
yakafuka alfajiri
kama chungu kilichosahauliwa.

Mwaka wa kwanza mahindi yake yalinipita kimo.
Wa pili pia.
Wa tatu akanunua baiskeli.
Wa nne akamlipia ada mwanangu Biubwa.
Basi siwezi kuitukana mbolea ile.
Biubwa amesoma kwayo.

Lakini mtu mzima husemwa kala chumvi nyingi,
na konde la Faki lilikula chumvichumvi
misimu kumi na miwili,
likazeeka tunaliangalia.
Mvua za vuli zilisimama juu yake
kama wageni wasiokaribishwa,
kisha zikateremka bondeni, nyekundu,
zimebeba zilichokipata.
Mfuko mmoja haukutosha tena. Ikawa miwili. Ikawa mitatu.
Muhogo ukatoka mwembamba, vidole vya mgonjwa.

Kwangu, masika yalipokatika,
nilipiga jembe nikaona nyuzi.
Nyeupe. Nyembamba kuliko uzi wangu wa kofia,
zimepita kila bonge, zimezunguka kila mzizi.
Nilidhani maradhi.
Nikatafuta kiberiti.

Bibi shamba, Mkasi binti Chumu,
alicheka, akaomba bilauri mbili za maji.
Akatumbukiza bonge la Faki:
hujamaliza bismillahi, limekuwa uji.
Akatumbukiza bonge langu:
likatoa vipovu, likakaa.
Chai yetu ikapoa. Limekaa.

"Kuvu," akasema, "ndizo zinazoshona.
Mzizi huzipa sukari,
nazo huufuatia maji na chakula
pale mkono wake usipofika.
Ukiumwagia chumvi kila msimu
mzizi hushiba mezani kwake,
haubishi tena hodi kwa jirani.
Na jirani asiyebishiwa hodi,
mwisho huhama."

Nikaitazama kofia mapajani mwangu,
kiua kwa kiua,
kila kitobo kimezungushiwa uzi
ili kichwa kipumue.
Miaka thelathini nashona,
sikujua kondeni nina fundi mwenzangu
afanyaye kazi gizani, bila miwani,
bila kumdai mtu ujira.

Faki alisikia habari za bilauri.
Siku tisa hakuvuka mibono.
Ya kumi akaja na pakacha tupu,
akasimama mlangoni akikwaruza ukuta kwa ukucha.
Utotoni alitumwa hivi hivi kwa majirani
kuazima chumvi.
Leo anayo magunia mawili stoo.

"Nipe udongo," akasema. "Kidogo. Wa kuanzia."

Nikatandika jani la mgomba ndani ya pakacha,
nikajaza,
nikafunika kwa jani jingine, jua lisiuone.
"Na samadi utazoa mwenyewe," nikamwambia.
Akaitika.
"Na yurea? Hata kiganja?"

Sikumjibu upesi.
Nilimfikiria Biubwa na sare yake ya shule,
nikachomeka sindano kwenye kofia isianguke.

"Kiganja," nikasema. "Si mfuko."