Mlango wa Chini

Saa tisa usiku, Szeged. Piroska Bodnár anavuna mayai
juu ya sahani ya maji ya zabibu, tone la hamira katikati.
Nzi wametaga tangu jioni: chembe nyeupe,
hata ncha ya penseli ni pana kwao.
Anaziosha kwa klorini. Anainamia darubini.

Kila yai limekuja na wosia wa mama,
umebandikwa ncha moja: *hapa kichwa*,
nao hufifia, hufifia kuelekea mkiani.
Wasomaji wake hawakawii.
Huyu anakata mwili mapande,
yule anakata mapande kuwa pingili, kama mtu na muwa wake,
na baada ya saa chache wote wameondoka.
Ukiwatafuta, hakuna hata unyayo.

Zinabaki jeni za umbo, zimetungwa kwenye uzi
kwa utaratibu ule ule wa mwili,
za mbele mbele, za nyuma nyuma.
Nani aseme? Nani anyamaze?
Ya mguu ikiropoka kichwani,
mguu huota penye kipapasio.
Ya pingili ya tatu ya kifua ikikosa sauti,
nzi hupata mbawa nne, na haruki.

Kimya kingi kina mshindo, tuliambiwa.
Hapa kimya kina walinzi.
Hawakuwapo wosia uliposomwa, hawajui sababu;
wanaikuta jeni imenyamaza, wanaikunja,
wanaipiga lakiri.
Seli ikigawanyika, binti anazaliwa na lakiri yake.

Mayai ya usiku huu hayana walinzi.
Kila pingili inadai kuwa ya mwisho,
mwili mzima ni mkia juu ya mkia.
Piroska anaandika daftarini: *212. Hakuna lililoangua.*

Nyumbani kwake kuna mlango wa chini, wa ghala,
mama yake aliufunga kwa utepe mwekundu
mwaka ule mto Tisza ulipofurika.
Maji yalikauka. Mama alizikwa.
Emőke alikua akiuzunguka,
naye sasa humwambia mwanawe: *huo, hapana*,
kwa sauti ile ile, na kidole kile kile.

Mwezi uliopita utepe ulibanduka.
Piroska alinunua mwingine, wa rangi ile ile,
akaubandika, akaulainisha kwa gumba,
kisha (aliniambia huku akifuta lenzi)
akasimama pale kizani, mkasi mkononi,
asijue anamtii nani.