Salio la Bukuru

Saa kumi na moja jioni, bila kukosa,
alifika kibandani kwangu, Bondeni, nyuma ya kinu cha unga,
sinia la karanga mkononi, makaa yameshapoa chini yake,
akamwaga sarafu kwenye kaunta:
za tano, za kumi, za ishirini,
zenye chumvi, zenye mafuta, zinanata kama peremende.
"Nipe karatasi, dada."
Yaani noti.
Mimi, wakala wa pesa za simu,
niliyeketi chini ya bango la kijani pana kuliko paa,
nampa karatasi. Kila jioni. Bure.

Nikamwambia, Bukuru, sajili laini.
Hata muuza makaa ana laini. Hata ombaomba wa pale kona
ameandika namba yake kwenye bakuli.
Akacheka kwa pua.
"Laini yataka kitambulisho. Kitambulisho chataka chifu.
Chifu ataka babu aliyezikwa hapa.
Babu yangu amezikwa Kayanza, dada. Hahami."

Basi nitakusajilia kwa jina langu, nikasema.
Akafunga noti zake kwenye leso, mafundo mawili, polepole.
"Jina si koti."

Mengine aliyatoa kama apimavyo karanga,
kwa kifuniko cha chupa, leo kidogo, mwezi ujao kidogo.
Kwamba baba yake alikuwa na kijitabu cha benki, cha bluu,
alichokifunga kwa nailoni na kukilalia.
Vita vilipokuja walivuka nacho mpaka,
ndani yake laki nne na ushee, mhuri, sahihi ya meneja.
Mzee alifia kambini akikisoma.
"Kijitabu kilifika salama.
Pesa ndizo hazikukimbia."

Mwaka ule noti za elfu za zamani zilipofutwa
alikuja siku ya mwisho na noti saba,
zingali na joto la kiuno.
Nami, kwa ubaya wa moyo, nikamcheka:
Unaona? Hata karatasi hufa.
"Hufa," akasema. "Lakini hii imeaga."

Na kila mwisho wa mwezi, lori la saruji,
dereva aitwaye Wafubwa, bahasha ya Butoyi, pacha wake.
Wafubwa hukata mia mbili.
Simu ingekukata kidogo kuliko hapo, nikamwambia.
"Simu haitamwambia Butoyi kama nimekonda."

Kisha Jumanne moja, karandinga.
Watu wakatawanyika kama mtama uliomwagikia kuku.
Yeye hakukimbia. Anayekimbia na karanga huzipanda.
Alipita dirishani kwangu kwa mwendo wa mtu wa sokoni,
akapenyeza mkono,
na kopo la siagi likagonga kaunta mara moja.
Hakusema ni kiasi gani. Hakusema ni za nani.
"Dada," akasema, basi.

Simu yangu haikulia.
Hakuna namba ya muamala, hakuna tarehe, hakuna saa,
hakuna ujumbe wa kusema nimepokea.
Lakini nimepokea.

Nilikwenda kituoni. Wakaniuliza, ni nani wako?
Nikasema, mteja.
Mteja wa nini?
Nikarudi nyumbani kwa miguu.

Huu ni mwezi wa tano.
Usiku nikifunga hesabu, pesa za simu zinalingana hadi senti.
Kisha nafunga mlango kwa komeo, nafungua kopo,
nahesabu kwa kidole kilicholambwa, kama mchawi:
elfu kumi na sita, mia tatu na arobaini.
Harufu ya karanga imeanza kuondoka.

Juzi Wafubwa alipiga honi pale kinuni.
Nikamtolea za Butoyi, na mia mbili yake.
Akaziweka chini ya kofia, akawasha injini, akaizima.
"Akiniuliza, nduguye amekonda?"

Nikatazama kopo.
Limepungua elfu tatu na mia mbili.

"Kidogo," nikasema.