Sampuli ya Kumi na Tisa

Alfajiri, Kadutu. Robine inakohoa,
inatema hewa, kisha kutu, kisha maji.
Nayaacha yamwagike nikihesabu hadi mia;
Mama Nsimire ananitazama
kana kwamba namwaga unga wake.
"Siku nne tumengoja, na wewe unanywesha udongo?"

Nachoma mdomo wa bomba kwa moto wa spiriti.
Nakinga. Natia kidonge, natikisa:
yakigeuka waridi, dawa imefika.
Hayageuki.

"Yanasemaje?"

Natazama mteremkoni: bomba limevuka mtaro,
palipotoboka pamefungwa mpira wa baiskeli.
Kule juu, mtamboni, daftari limeandikwa *safi*,
na mwandiko ni wangu.

Chupa ya pili itakaa kwenye joto hadi kesho,
ndipo vidoa vya manjano vihesabike.
Kesho. Bidoni zake zimejaa leo,
na mjukuu ameshashika kikombe.

"Chemsha, mama."
Akacheka. Akakung'uta gunia la makaa:
vumbi tu, likapeperukia Bagira.

Nikaandika mtaa, saa, namba.
Nami nina kiu. Mkono umelowa
hadi kwenye kiwiko.
Naufuta kwenye suruali.